Mbwa mwenye macho makavu: je, seli shina zitamrudishia machozi?

Daktari, mbwa wangu hapa Ntinda anaamka na tongo zito. Nikimtia matone ya antibayotiki anapata nafuu, kisha tongo linarudi. Ni ugonjwa gani?

Huenda machozi yamepungua. Jicho likikosa majimaji hubaki na ute mzito, na bakteria hufuata baadaye. Mwombe daktari wa mifugo ampime kwa karatasi ya Schirmer, inayochomekwa ndani ya kope la chini kwa dakika 1. Ikilowa milimita 15 na zaidi, machozi yanatosha. Ikiwa chini ya 10 na dalili hizo zipo, jicho ni kavu. Bila kipimo hicho, kununua matone ni kubahatisha.

Chanzo chake ni nini?

Mara nyingi kinga ya mwili wake mwenyewe hushambulia tezi za machozi, hasa kwa shih tzu, koka spanieli na buldogi. Distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, nayo huziharibu. Ila hapa Uganda nauliza kwanza habari za Septrin, antibayotiki yenye salfa. Ipo karibu kila nyumba, na mbwa akiharisha anamegewa kidonge! Dawa za jamii ya salfa zinaweza kukausha tezi, pengine zisirudi tena.

Nasikia seli shina, zile zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, zinaponya. Kweli?

Zinatia moyo. Seli hutolewa kwenye mafuta ya mwili, hukuzwa maabara, kisha hudungwa karibu na tezi za machozi. Inaaminika kuwa kazi yake kubwa ni kutuliza kinga inayoshambulia, si kuota tezi mpya. Tezi iliyogeuka kovu haina mengi ya kuokolewa. Mwaka 2015 watafiti wa Uhispania waliripoti kwamba machozi yaliongezeka kwa mbwa waliokuwa wameshindwa na dawa za kawaida, nao wakafuatiliwa miezi 9. Lakini walikuwa mbwa 12 tu. Kwa idadi hiyo singekushauri uuze ng'ombe.

Na matone ya seramu, yaani majimaji yanayobaki damu yake mwenyewe ikiganda?

Hayo husaidia kidonda cha konea, utando angavu wa mbele ya jicho, kupona. Yanataka usafi na friji, maana huharibika upesi.

Basi nianze na nini?

Siklosporini ya kupaka jichoni, dawa ya kutuliza kinga, kwa kawaida mara 2 kwa siku. Machozi huchukua wiki kadhaa kuongezeka, na wengi huitumia maisha yote, kwa hiyo usiiache tongo likipungua. Futa macho kwa maji safi ya uvuguvugu kabla ya kupaka. Matone ya steroidi yasiguse jicho kabla daktari hajahakikisha kwa rangi maalumu kwamba konea haina kidonda. Akianza kufumba jicho kwa maumivu, mpeleke siku hiyohiyo.