Kwa nini gari la taka halifiki mlangoni kwako?

Jioni, Soko la Mwanga, Kigoma. Mama muuza mboga anafunga kazi. Anakung'uta meza, anakusanya vikonyo vya sombe (kisamvu), maganda ya ndizi na nyanya zilizopondeka, anavishindilia kwenye kiroba ambacho wiki iliyopita kilikuwa na unga. Kitako cha kiroba kimelowa, maji yanadondoka. Kijana wa mkokoteni anakichukua, anakitupia juu ya vingine kumi na kitu, anaondoka navyo akisukuma.

Wengi wetu habari ya taka inaishia hapo. Tukiona kiroba kimekaa siku nne pembeni mwa barabara ndipo tunauliza: gari la manispaa liko wapi?

Kazi ya kuzoa taka katika miji yetu kwa kawaida imekatwa vipande viwili. Kutoka jikoni kwako au mezani sokoni hadi kwenye kizimba ni kazi ya mwenye taka, au ya kikundi cha usafi au mzabuni aliyepewa mtaa huo. Kutoka kizimbani hadi dampo ndiyo safari ya gari la halmashauri. Kizimba ni pale mahali palipojengewa ukuta mfupi, au palipowekwa kontena la chuma, ambapo taka za mtaa mzima hukutana. Gari linafuata kizimba, halifuati nyumba.

Kwa nini wamegawa hivyo? Tembea Ujiji au Gungu utaona. Vichochoro vingine pikipiki mbili hazipishani, lori litageukia wapi? Halafu taka zetu ni mbichi. Maganda, majani, mabaki ya samaki, vyote vimejaa maji, kwa hiyo ni vizito mno kuliko karatasi na makopo. Lori likijaa lazima liende dampo kumwaga ndipo lirudi, na kila safari inakula dizeli. Lingepita mlango kwa mlango, lingezima na kuwasha injini mara mia kabla ya saa nne asubuhi. Mkokoteni unafanya sehemu hiyo kwa nguvu za mikono, lori linabaki na safari ndefu.

Jukumu lenyewe liko kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka serikali za mitaa kusimamia na kupunguza taka ngumu katika maeneo yao, na inataka kila halmashauri iwe na afisa wa mazingira. Katika muundo wa sasa, usafi na udhibiti wa taka una kitengo chake, na maliasili na hifadhi ya mazingira kitengo kingine. Wananchi wengi huchanganya hapa: aliyekata miti kando ya mto na aliyemwaga taka mtaroni hawashtakiwi kwenye mlango mmoja. Majitaka nayo yana mamlaka yake ya maji, na tathmini ya athari za mradi mkubwa kwa mazingira ni ya NEMC, baraza la taifa la mazingira. Mpangilio huu unachosha, lakini ukiujua hutapoteza asubuhi nzima ukizungushwa ofisini.

Na ile ada ya taka? Kuna wanaoamini mkusanyaji hujipangia. Kiwango hutoka kwenye sheria ndogo. Halmashauri inaiandaa, wananchi wanapewa nafasi ya kutoa maoni, Baraza la Madiwani linaipitisha, waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa anaiidhinisha, kisha inatangazwa katika Gazeti la Serikali. Ndiyo maana haipandi wala kushuka kwa usiku mmoja, hata dizeli ikipanda. Mkusanyaji akija, dai risiti ya mashine. Fedha isiyo na risiti haiwezi kufuatiliwa, na kikundi kinachozoa kikikosa malipo kinaacha mikokoteni uani. Kizimba kinafurika, na sisi tunamlaumu dereva wa lori ambaye hata hajui kilichotokea.

Kwa Kigoma, jambo hili lina uzito ambao miji mingine haina. Mji umekaa juu ya vilima. Angalia barabara inavyoteremka kutoka Mwanga hadi stesheni ya reli: tone la mvua linalodondoka sokoni lina njia moja tu, chini, ziwani. Kiroba kilichotupwa mtaroni mwezi wa nane kinakaa kimya. Mvua za kwanza zikija, mtaro unafanya kazi ya lori bila dereva.

Na Ziwa Tanganyika halisafishiki upesi. Lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, na mto unaotoka humo ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengi huondoka kwa kuvukizwa na jua. Jua linachukua maji, halichukui plastiki. Maji yanayofika bombani mjini yanavutwa humo humo, na humo wanaishi samaki wa aina nyingi wasiopatikana ziwa jingine lolote. Nikiona chupa zinaelea pale mwalo wa Kibirizi, kati ya mitumbwi ya dagaa, naumia kweli.

Sheria ile ile ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, na mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Hatua hizo zinasaidia, ila haziondoi kiroba cha vikonyo vya sombe. Hicho kinaondolewa na mkokoteni kufika kizimbani na lori kufika kizimbani kabla hakijafurika.

Kwa hiyo mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda, na muulize mtendaji mambo matatu: kizimba chetu ni kipi, kinazolewa siku gani, na nani amepewa kazi ya kuleta taka hadi pale. Uliza mapema, kabla ya mwezi wa kumi, mitaro ikiwa bado mikavu.