Chama cha kwaya ya jamii ni nini, na huimba nini?

Chama cha kwaya ya jamii ni umoja wa watu wanaopenda kuimba pamoja bila malipo. Ndani yake utamkuta muuguzi, fundi, mwalimu mstaafu na mwanafunzi, wamepangwa kwa sauti nne: soprano na alto, ambazo kwa kawaida ni za wanawake, tena, sauti ya juu ya wanaume, na besi, sauti yao nzito. Hulipa ada, hufanya mazoezi kwa kawaida jioni moja kila wiki, na mara chache kwa mwaka huandaa tamasha. Wenye chama ni wanachama wenyewe. Huchagua kamati, na kamati humtafuta mwalimu wa kwaya na mpiga kinanda, ambao mara nyingi ndio pekee wanaolipwa. Tofauti yake kubwa na kwaya ya kanisa ni kwamba haitumikii ibada, hivyo ina uhuru wa kuchagua wimbo wowote inaoumudu.

Mfano wa mwanzo kabisa ni Sing-Akademie ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1791 na Carl Friedrich Fasch, aliyekuwa mpiga kinanda wa mfalme. Wanawake na wanaume waliimba pamoja, na walipenda kufufua muziki wa kale. Tarehe 11 Machi 1829 kwaya hiyo, ikiongozwa na Felix Mendelssohn akiwa kijana wa miaka 20, iliimba Mateso kadiri ya Mathayo ya mtunzi Mjerumani Bach, kazi ndefu ya kwaya na okestra kuhusu mateso ya Yesu, ambayo wapenzi wengi wa muziki hawakuwa wameisikia kamwe. Mendelssohn alipunguza baadhi ya sehemu, lakini tangu siku hiyo Bach alirudi kwenye kumbi. Wakati huo Boston ilikwishakuwa na Handel and Haydn Society tangu 1815, na mwaka 1836 mji wa viwanda vya sufu wa Huddersfield, Uingereza, nao ukaanzisha chama chake.

Mambo mawili yalifanya vyama hivi vienee Uingereza. La kwanza ni sol-fa, yaani kuandika wimbo kwa herufi za do, re, mi badala ya nota za mistari: Sarah Glover wa Norwich aliibuni, na John Curwen akaieneza kuanzia miaka ya 1840, hata mtu asiyejua nota za mistari akaweza kusoma sauti yake. La pili ni vitabu vya nyimbo vya bei nafuu vya Novello, kampuni ya kuchapisha muziki. Kitabu kilipoweza kununuliwa kwa mshahara wa kiwandani, muziki mkubwa ukaacha kuwa mali ya majumba ya watawala.

Ndiyo maana orodha ya nyimbo za vyama hivi inafanana karibu kila mahali. Messiah ya Handel, iliyoimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742, inaongoza. Hufuata Uumbaji wa Haydn wa 1798, Eliya wa Mendelssohn, uliotolewa Birmingham mwaka 1846, na misa za wafu za Mozart, Verdi na Fauré. Waimbaji wa pekee hukodiwa, lakini uzito hubebwa na kwaya.

Kwangu mimi, hakuna kazi inayofaa chama cha kwaya kuliko Rekwiemu ya Kijerumani, yaani kazi ya kuwakumbuka wafu, ya mtunzi Brahms. Ina sehemu saba, na kwaya huimba katika zote. Waimbaji wa pekee husikika katika tatu tu. Brahms hakutumia maneno ya Kilatini ya misa. Alichagua mwenyewe mistari ya Biblia ya Luther, akaanza na heri kwa wenye huzuni, yaani aliwafariji walio hai kabla ya kuwakumbuka wafu. Sehemu sita ziliimbwa Bremen, Ijumaa Kuu ya 1868, na kazi nzima ikasikika Leipzig mwaka uliofuata. Anayeimba besi au alto humo hana nafasi ya kukaa tu akisubiri zamu ya wengine.

Okestra ni gharama, kwa hiyo kazi kubwa huchanganywa na matamasha madogo: nyimbo za Krismasi, nyimbo za asili zilizopangwa kwa sauti nne, na nyimbo zisizo na ala. Mwalimu makini hachagui kwa jina la mtunzi peke yake. Huhesabu sauti kwanza, maana waimbaji wa tena huwa wachache karibu kila chama, na wimbo unaowagawa waimbaji hao katika sauti mbili huwachosha kabla ya tamasha. Vyama vyenye uwezo humwagizia mtunzi aliye hai kazi mpya inayolingana na sauti walizonazo, na chama kinachorudia Messiah kila mwaka bila kujaribu hilo kinajinyima sana.