Je, wajua kwa nini nyamrerwa mwenye uzoefu wa miaka kumi huanzia mwaka wa kwanza akitaka kuwa muuguzi?

Kando ya ziwa, kutoka Nyakach hadi Bondo, wazee bado humwita mhudumu wa afya wa kijijini nyamrerwa. Kwa miaka mingi serikali ilimwita mhudumu wa kujitolea, kisha Septemba 2023 ikampa jina la CHP, yaani mhamasishaji wa afya ya jamii, pamoja na begi la vifaa, simu ya kuingizia takwimu na marupurupu ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Huhudumia kaya 100 hivi. Yeye na wenzake tisa hufanya kitengo kimoja cha afya ya jamii, chenye watu wapatao 5,000, chini ya msimamizi anayejulikana kama CHA.

Kazi yenyewe ina vipimo vyake, na kila kipimo kina namna yake ya kuharibika. Mkanda wa mkono, unaoonyesha utapiamlo, hupimwa kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kwenye mkono wa kushoto, katikati ya ncha ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, mtoto apelekwe kituoni leo. Kati ya 11.5 na 12.5 ni manjano. Ukipima juu ya sweta, mtoto aliyekonda anaingia kijani. Ukikaza mkanda, mzima anaingia manjano. Pumzi huhesabiwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia na kifua kikionekana: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, hiyo ni pumzi ya haraka na ni dalili ya nimonia. Anayehesabu nusu dakika akazidisha kwa mbili hukosea, kwa sababu watoto wadogo hawapumui kwa mwendo mmoja. Kipimo cha malaria nacho husomwa kwa saa, dakika 15 au 20 kulingana na aina iliyoandikwa kwenye pakiti. Kikiachwa mezani hadi jioni kinaweza kuchora mstari ambao haukuwepo.

Mtu aliyefanya hayo kwa miaka kumi huko Seme au Butere ameshika watoto wengi kuliko mwanafunzi wa uuguzi aliye katikati ya kozi. Hata hivyo akiomba nafasi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, miaka hiyo haimpunguzii hata muhula mmoja. Mbona?

Wengi husema ni urasimu. Jibu la kweli limo katika jinsi kazi hii ilivyobuniwa. Kakamega ya miaka ya 1970, Profesa Miriam Were, mtaalamu wa afya ya jamii, na wenzake walijaribu wazo kwamba wanakijiji wenyewe wanaweza kuchagua jirani wanayemwamini akafundishwa kuzuia maradhi. Saradidi, kule Asembo, mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanyamrerwa wa kujitolea walikuwa wakigawa dawa ya malaria kijijini. Katikati ya hayo ulifanyika mkutano wa Alma-Ata wa 1978, ulioipa huduma ya afya ya msingi nafasi yake duniani. Sifa iliyotafutwa kwa mtu huyu ilikuwa moja: abaki. Achaguliwe barazani, aishi hapo hapo, afundishwe karibu na kwao kwa siku chache chache, arudi shambani kwake. Hakuna aliyekusudia awe mwanafunzi wa hatua ya kwanza ya udaktari. Kwa hiyo ngazi kati yake na muuguzi haikuvunjika. Haikuwahi kuwekwa.

Matokeo yake unayaona kwenye karatasi. Mtaala wa CHP una moduli 13: sita za msingi, kama uongozi wa jamii, mawasiliano, huduma ya kwanza na utunzaji wa takwimu, na saba za kiufundi, zikiwemo lishe, maji na usafi, uzazi na matibabu ya watoto kijijini. Amalizapo hupewa cheti cha kuhudhuria. Cheti cha kuhudhuria husema ulikuwepo. Cheti cha kufuzu husema ulitahiniwa, kwa kiwango gani, na nani anakitambua, nacho ndicho kinachopata nafasi katika mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu uliowekwa kwa sheria ya 2014. Cha kwanza hakigeuki cha pili kwa kukaa sandukuni miaka kumi.

Ukuta wa pili ni leseni, na huu, kwa maoni yetu, una haki ya kuwepo. Muuguzi akidunga sindano isiyofaa, jina lake liko kwenye daftari la Baraza la Wauguzi, na baraza hilo linaweza kumfuta. CHP hana daftari la namna hiyo, ndiyo maana kwa kawaida hadungi sindano, hata kama mkono wake hautetemeki. Anayetoa dawa za kuharisha, ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na zinki (miligramu 20 kwa siku, siku 10, kwa mtoto wa miezi sita na zaidi) anafanya kazi chini ya mwongozo na usimamizi wa kituo. Sahihi inayobeba lawama si yake.

Ukuta wa tatu ndio unaowaumiza watu wengi: gredi ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Diploma ya uuguzi inataka wastani wa C, C katika Kiingereza au Kiswahili, C katika Biolojia, na angalau C- katika Kemia, Fizikia au Hisabati. Shahada inataka C+ na masomo mazito zaidi. Mama aliyepata C akakosa Biolojia amefungiwa nje sawasawa na aliyepata D. Anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi, ila asajili masomo saba kama anataka gredi mpya ya wastani, na atafute mapema kituo chenye maabara, kwani mtihani wa vitendo wa Biolojia haufanyiwi nyumbani.

Basi kuna njia gani? Iliyo karibu zaidi haiendi wodini. Inaelekea kwenye kiti cha msimamizi wake. Kozi za afya ya jamii hufundishwa KMTC na katika vyuo vya kiufundi chini ya mitaala ya CDACC, baraza la mitaala na mitihani ya vyuo hivyo, ambako kiwango cha 5 ni cheti na cha 6 ni diploma. Mtu wa D anaweza kuanzia cha 5 na kupanda. Hapa ndipo uzoefu wa kijijini humsaidia kweli darasani, maana rejista ya kaya, MOH 513, na daftari la huduma, MOH 514, ni vitu anavyovijua usingizini, huku wenzake waliotoka shuleni juzi wakivikariri. Kwa sababu hiyo hiyo, CHP anayependa takwimu asidharau kozi ya rekodi za afya. Ni taaluma yenye sheria yake tangu 2016.

Anayetaka wodi hana njia ya mkato. Diploma ya uuguzi ni miaka mitatu, ya tabibu, yule tunayemwita klinikal ofisa, ni mitatu na mwaka mmoja wa tarajali. KMTC ina matawi Kisumu, Nakuru, Kakamega, Siaya, Busia na kwingineko, na nafasi huombwa kupitia tovuti ya KUCCPS, shirika la serikali linalopanga wanafunzi vyuoni, hata kwa waliomaliza shule miaka ya nyuma. Hesabu ya pesa ifanywe kabla ya barua kufika: marupurupu ya CHP kwa mwaka mzima ni shilingi 60,000, nayo hukoma ukiingia bweni, kwa sababu zamu za usiku wodini haziendani na kutembelea kaya 100.

Sasa mitego. Ule unaomeza watu wengi ni chuo kisicho na kibali cha Baraza la Wauguzi, au chenye kibali cha idadi fulani ya wanafunzi kikasajili zaidi ya hiyo. Kila mwanafunzi wa uuguzi anapaswa kupewa nambari ya indeksi na baraza baada ya kujiunga. Asiye nayo hafanyi mtihani wa leseni, na wanaozidi idadi iliyoidhinishwa hugundua hilo wakiwa wameshalipa karo ya mihula kadhaa. Ulizia indeksi kabla ya kulipa, na uulize barazani, si kwa karani wa chuo. Mtego wa pili ni kozi fupi za usaidizi wa uuguzi zinazotangazwa kwenye nguzo za stima kuanzia Kondele ya Kisumu hadi Section 58 ya Nakuru. Zinaweza kukupa kazi ya kutunza mgonjwa nyumbani, na hiyo ni kazi halali, lakini hazikuingizi kwenye daftari la wauguzi wala si nusu ya diploma. Vivyo hivyo diploma ya afya ya jamii ya kiwango cha 6: ni sifa kamili, ila si leseni ya kugusa mgonjwa wodini.

Umuhimu wa cheti kinachobebeka ulionekana Januari 2025, msaada wa Marekani uliposimamishwa na wafanyakazi wengi wa kliniki za HIV, hasa kaunti za ziwa, wakapoteza kazi. Muuguzi alitoka na leseni yake. Mshauri wa upimaji aliyekuwa na vyeti vya semina tu alitoka na faili.

Faili hilo si takataka, na hapa ndipo palipofunguka kidogo. Kenya ina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Mwombaji huenda kituo kilichoidhinishwa, hujipima kwa mujibu wa vigezo vya kiwango fulani, hukusanya ushahidi, kisha mtahini humtazama akifanya kazi. Utaratibu huu haumpi mtu leseni ya uuguzi, lakini unaweza kumpa cheti cha kufuzu katika fani zinazotahiniwa kwa vitendo. Watu hukwama kwenye ushahidi. Wengine hupeleka nakala za MOH 514 zenye majina ya wagonjwa, jambo ambalo ni kosa kwa faragha ya majirani waliowaamini. Kinachotakiwa ni muhtasari wa idadi uliotiwa sahihi na CHA, barua ya kituo ikitaja tarehe za kuanza na kumaliza, vyeti vyote vya moduli, na picha za kazi zisizoonyesha nyuso.

Barua hiyo iombwe siku ya kukabidhi vifaa, unapoacha kazi ya CHP. Begi, simu na MOH 513 hurudishwa kwa CHA mbele ya mwenyekiti wa kamati ya afya ya jamii, vifaa vikiorodheshwa kimoja kimoja na kila upande ukibaki na nakala. Msimamizi akihamishwa kabla hujaipata, atakayeshika nafasi yake hatakuwa na namna ya kuthibitisha ulianza mwaka gani.