Mtungi wa gesi haujazwi mpaka juu, tuelewane

Malalamiko yanayotufikia siku hizi ni yale yale: nimepunjwa, nikiutikisa mtungi nasikia kabisa kuna nafasi juu. Ndugu zangu hiyo nafasi imeachwa makusudi.

Ndani ya mtungi mmoja una vitu vitatu. Kuna chuma, chembe zake zimebanana hazihami zinatetemeka tu, kuna gesi ya kimiminika ambayo chembe zake zinateleza na kupishana, halafu mvuke juu yake, huo chembe zake zinaruka kila upande zikigonga kuta, na kule kugonga ndiyo presha yenyewe. Joto likipanda wote wanaongeza mwendo ila hawatanuki sawa. Chukua mtungi wa lita 100, joto litoke nyuzi 20 lifike 30: chuma kinakupa nafasi ya vijiko viwili vitatu vya mezani basi, wakati propani (aina mojawapo ya gesi ya kupikia) ya kimiminika iliyojaa humo ingetaka lita 3 zaidi. Itaenda wapi? Kimiminika hakibanwi kirahisi, presha inapaa ghafla, ndiyo maana kinaishia kwenye asilimia 80 hivi. Na chembe hazivimbi jamani, hili tunalirudia kila siku, zinabaki saizi ile ile ila zinasukumana mbali.

Mvuke peke yake presha inatoka bar (kipimo cha presha) 8 na kitu kwenye nyuzi 20 hadi karibu 14 kwenye nyuzi 40, kwa propani. Sasa mtu moto umefifia anauweka mtungi kwenye maji yanayochemka! Moto unafifia kwa sababu ukitumia gesi kwa kasi chembe zenye mwendo mkubwa ndizo zinazotoroka kwanza, zilizobaki zinapoa, presha inashuka. Punguza moto au uache upumzike, utapata joto lenyewe kutoka hewani. Ile barafu ya nje ni unyevu wa hewa, gesi haijaganda.

Ukihisi umepunjwa tumia mizani, usitikise. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma karibu na vali, pima mtungi mzima, toa ule uliogongwa, kinachobaki ndiyo gesi yako. Kikipungua kuliko uzito ulionunua peleka malalamiko ukiwa na risiti, lakiri isiyofunguliwa na namba ya mtungi, bila hivyo faili halifunguki. Na anayekubali kukuongezea "kidogo juu" anahatarisha leseni yake, pia mtungi uliozidishwa tukiukuta unaondolewa hapo hapo, haurudishwi mpaka upunguzwe na kupimwa upya, hata kama mwenyewe ndiye uliyeomba.