Namba ya Hewa Inapopotea Kwenye Kompyuta ya Kuzamia

Anayezamia na kompyuta ya mkononi, ile inayovaliwa kama saa na kusoma presha ya mtungi wa hewa bila waya, hukutana na matatizo ya aina mbili. Kuna siku skrini haina namba kabisa, ni vistari tu au onyo kwamba mawasiliano yamekatika. Na kuna siku namba ipo, lakini mzamiaji haiamini, au anaiamini wakati hakupaswa. Wengi wanaoleta vifaa karakana kwetu hapa Moshi, vijana wa uokoaji na walimu wanaofundisha kwenye mabwawa ya kuogelea kabla ya kuwapeleka wanafunzi wao Pemba au Mafia, huyachanganya haya mawili na kusema transmita imekufa. Mara nyingi ni nzima. Kabla hujaingia gharama ya kununua nyingine, jiulize kwanza: namba haipo, au ipo na haieleweki? Uchunguzi wake ni tofauti kabisa.

Transmita ni kile kidude kinachofungwa kwenye hatua ya kwanza ya regileta (kifaa kinachopunguza presha ya mtungi ili uweze kuvuta pumzi), katika tundu la presha kubwa, lile lenye alama ya HP. Ndani yake kuna kihisi kinachopima presha ya mtungi na antena ndogo inayoituma kwenye saa. Mawimbi ya Bluetooth tuliyoyazoea kwenye simu hayafai kazi hii kwa sababu maji huyameza ndani ya sentimita chache. Ndiyo maana transmita nyingi hutumia mawimbi ya masafa ya chini sana, nyingi zikiwa karibu na kilohezi 38. Hayo hupenya maji, lakini hayafiki mbali: mita moja, moja na nusu, basi. Zipo chache zinazotumia sauti badala ya redio na kufika mbali zaidi, lakini nyingi zinazopita mikononi mwetu ni hizi za redio.

Kwa hiyo namba ikipotea, anza na mahali. Transmita ikiwa bega la kulia na saa iko mkono wa kushoto, mwili mzima na mtungi wa chuma vimekaa katikati ya njia. Mawimbi haya pia hupokelewa vizuri zaidi antena mbili zinapolala upande mmoja kuliko zinapokingamana. Hamisha saa mkono wa pili, isogeze karibu na bega, subiri nusu dakika. Ikirudi, umemaliza. Kama namba hupotea kila unapowasha taa kubwa au flashi ya kamera na kurudi unapoizima, taa ndiyo inayovuruga; ishike kwa mkono usio na saa. Jambo lisilosababisha tatizo hili ni maji ya ziwa. Nimewasikia wengi wakisema maji ya Chala au Duluti "yanakata" mawasiliano. Ni kinyume chake. Maji ya bahari, kwa ile chumvi yake, ndiyo hudhoofisha mawimbi haya zaidi, kwa hiyo transmita iliyofanya kazi vizuri Tanga haina sababu ya kugoma Chala.

Angalia pia namba ya utambulisho ya transmita. Nyingi zina tarakimu zilizochapwa kwenye ganda, na ndizo zinazoingizwa kwenye kompyuta ili isome mtungi wako na si wa mwenzako. Kifaa kikiazimwa, mipangilio hubaki ya aliyeazima. Soma tarakimu kwenye ganda, soma zilizomo kwenye saa, moja baada ya nyingine.

Kisha betri. Hapa kuna kosa linalojirudia mno. Transmita haina swichi: huamka yenyewe inapohisi presha na hulala presha inapoisha. Ukifunga mtungi bila kubonyeza kitufe cha regileta ili hewa iliyobaki itoke, presha hubaki imenaswa ndani, na transmita huendelea kutuma usiku kucha, pengine wiki nzima, ikiwa imening'inia stoo. Betri iliyotakiwa kudumu msimu mzima huisha bila kugusa maji. Ni kitendo cha sekunde mbili, naomba sana kifanyike kila mara.

Sasa tuje kwenye namba iliyopo isiyoeleweka. Simu tunazopigiwa huwa hivi: "Shikamoo fundi. Mtungi tumejaza jana bari 200, leo tumefika Chala transmita inasoma 187. Inavuja au imeharibika?" Huwa nauliza mtungi ulikuwa wa moto kiasi gani ulipotoka kwenye kompresa. Hewa inayoshindiliwa hupata joto, na ikipoa presha hushuka ingawa hakuna hata pumzi moja iliyotoka. Mtungi uliosoma bari 200 ukiwa na nyuzi joto 45 utasoma karibu 187 ukipoa hadi nyuzi 24. Hesabu inatoka sawasawa, transmita inasema kweli. Mtungi ulioachwa juani nyuma ya pikapu utafanya kinyume: utapanda nchi kavu, kisha ushuke dakika za mwanzo majini. Panga mzamio wako kwa namba ya mtungi uliopoa.

Wengine husingizia mwinuko, kwa kuwa Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya pale ni nyepesi, kweli, lakini tofauti yake na ya pwani haifiki hata bari 0.2. Kwenye mtungi wa bari 200 hutaiona. Mwinuko unahusu hesabu za naitrojeni inayoingia mwilini na kina cha maji, na kwa hilo ni lazima saa ijue uko juu kiasi gani, lakini hilo ni somo jingine.

Njia ya uhakika ya kuipima transmita ni kuiweka sambamba na geji ya mshale kwenye regileta moja. Kwa kawaida yetu karakana, zikipishana bari 5 kwenye mtungi uliojaa hatushtuki. Zikipishana 20, kifaa kimojawapo kinapelekwa kwa fundi wa kampuni husika, na hakizami tena mpaka kirudi.

Geji hiyo ya mshale ina faida nyingine ambayo transmita haiwezi kukupa, na ndiyo inayonifanya nisikubali mtu kuzamia bila geji ya akiba. Valvu ya mtungi ikifunguliwa robo tu, ukivuta pumzi ukiangalia mshale utauona unainama kila unapovuta, kisha unainuka. Transmita hutuma takriban mara moja kila sekunde tano. Inaweza kutuma wakati mshale umeshainuka, na skrini ikakuonyesha 190 safi isiyotikisika. Nchi kavu regileta itavuta vizuri tu. Lakini ukifika mita 20, kila pumzi hubeba hewa karibu mara tatu ya ile ya juu, na tundu lile dogo la valvu halitatosha. Pumzi inakuwa nzito huku saa ikisema una hewa tele. Hapo transmita haikukosea, imepima presha. Kinachokosekana ni mtiririko. Kwa hiyo kabla ya kuingia majini, vuta pumzi nne ndefu macho yakiwa kwenye mshale.

Namba ikipotea ukiwa chini, kumbuka kwamba baadhi ya kompyuta huendelea kuonyesha namba ya mwisho iliyopokelewa kwa muda kabla ya kuweka vistari. Namba isiyobadilika wakati unapumua ni ya kutiliwa shaka. Soma geji ya akiba, mpe mwenzako ishara, na kama geji huna, mzamio umekwisha: pandeni pamoja taratibu, na msimame mahali pa kusimama kama mlivyopanga. Tunaelewa shinikizo linalowakuta waokoaji, familia ikiwa imekaa ukingoni inasubiri mwili wa ndugu yao. Hata hivyo, mpandishe mzamiaji, abadilishe kifaa, ndipo arudi.

Kuhusu betri zenyewe, transmita nyingi hutumia lithiamu ya volti 3, CR2 au CR123A kulingana na mtengenezaji. Usiweke ya kuchaji hata kama inaingia. Zikijaa, nyingi hufika volti 4.2 na zinaweza kuunguza saketi. Nunua mjini, Moshi au Arusha, kabla ya safari, na uangalie tarehe kwenye pakiti. Ukifungua mfuniko, kagua oringi yake (mpira wa duara unaozuia maji) kwa mwanga: unywele mmoja au chembe ya mchanga inatosha kuingiza maji. Ukishafunga, fungua mtungi polepole, subiri namba itokee kwenye saa, uilinganishe na mshale, kisha kaa nayo dakika kadhaa nchi kavu uone kama inabaki pale pale.