Kuwinda ayala milima ya Uskoti: tunayodhani na yalivyo

Tuanze na jina, kwa sababu upotofu wa kwanza umo humo. Afrika Mashariki mnyama huyu, anayeitwa deer kwa Kiingereza, hatuna. Kamusi zikikwama humwita mara paa, mara kulungu, mara swala, na hao wote ni wa ukoo mwingine: jamaa wa mbuzi na ng'ombe, wenye pembe zisizodondoka. Katika bara zima la Afrika, wa jamii yake wa asili ni wa aina moja tu, kwenye misitu ya Algeria na Tunisia. Lakini Kiswahili kina jina lake tangu zamani, na waliokulia kanisani wanalijua kutoka Zaburi ya 42: "Kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji." Basi ni ayala. Ninayemzungumzia hapa ni yule mwekundu wa Nyanda za Juu za Uskoti, anayewindwa kwa miguu, mlimani, mara nyingi kwenye mvua.

Habari zake hutufikia kwa picha: bwana mwenye suti ya sufu, bunduki begani, dume kubwa limelala miguuni pake. Picha hiyo imezaa maneno mengi.

"Hivyo ni vilima tu. Aliyepanda Kilimanjaro atacheka."

Kwa namba, ni kweli vinachekesha. Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, una mita 1,345. Mji wa Iringa umekaa juu kuliko kilele hicho. Ila Kilimanjaro ina njia, ina wapagazi, ina mtu wa kukuambia pole pole. Anayemfuata ayala hana njia. Anapita anakopita mnyama: kwenye udongo mweusi wa mboji unaoshika maji kama sponji na kumeza mguu hadi gotini, kwenye vichaka vifupi vigumu vinavyoficha mashimo, kwenye miteremko ya mawe yanayokimbia chini ya kiatu. Mwendo wa mwisho ni wa kutambaa kwa tumbo, maji ya baridi yakiingilia kwenye kola na kutokea kiunoni.

Kisha kuna anga. Tarehe 20 Machi 1986, kwenye kilele cha Cairn Gorm, chombo kilipima upepo wa kilomita 278 kwa saa. Majike huwindwa kuanzia 21 Oktoba hadi 15 Februari, yaani kipindi kibaya kuliko vyote. Mwezi wa Desemba jua la Inverness, mji wa Nyanda za Juu, huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama saa tisa na nusu alasiri. Ndani ya mwanga huo mfupi mtu apande, atafute, anyatie, apige, na amteremshe mnyama. Kuwinda usiku hakuruhusiwi bila kibali maalumu, na hata kungeruhusiwa, sijui nani angependa kuteremka kwenye barafu akivuta mzoga gizani.

"Panaitwa msitu wa ayala, kwa hiyo pana miti."

Ramani za Uskoti zimejaa mahali panapoitwa msitu wa fulani, na ukifika hukuti mti hata wa dawa. Maana ya zamani ya neno lao ni ardhi iliyotengwa kwa mawindo, iwe na miti au isiwe nayo. Mwindaji hujificha nyuma ya mikunjo ya ardhi, kingo za vijito na mawe. Kwa nini miti haipo ni swali zuri, na nitalirudia, maana ayala mwenyewe ni mshitakiwa.

"Ukiwa na bunduki nzuri na shabaha, kazi imekwisha."

Shabaha ni lazima, na sheria inaangalia hata risasi: ya ayala mwekundu haiwezi kuwa nyepesi kuliko gramu tano hivi. Upinde ni marufuku. Lakini kabla ya risasi hiyo moja kuna saa nne au tano ambazo bunduki imelala kwenye mfuko wake na haina faida yoyote. Katika saa hizo anayetawala ni upepo.

Ayala hunusa binadamu kutoka hata kilomita moja. Ukimwona wewe kwanza kwa darubini, umepata nusu ya bahati. Harufu yako ikimfikia, umeipoteza yote. Tena upepo wa milimani hausomeki kama wa pwani, ambako kusi na kaskazi zina adabu zake. Jua likipasha mteremko asubuhi, hewa hupanda. Jioni ikipoa, hewa huteremka. Kwenye mabonde ya duara yaliyochimbwa na barafu ya kale, upepo hugonga ukuta wa mwamba ukajizungusha, na mtu aliyekuwa na upepo usoni akajikuta harufu yake imemtangulia mbele kwa njia nyingine. Kwa hiyo mnyatiaji wa kazi, yaani mwajiriwa wa milki (ardhi kubwa ya mtu binafsi) anayeongoza mgeni, anaweza kumwona dume mita 500 mbele yake, akageuka, akazunguka mlima mzima kwa saa mbili ili amfikie kutoka upande wa pili. Mgeni hudhani wamepotea. Mnyatiaji hasemi kitu, hurusha majani makavu hewani kidogo kidogo na kuyatazama yanavyoanguka.

Na huyo dume unayemtazama si mlinzi. Mlinzi ni jike kizee aliye pembeni, ambaye hukumwona. Akiinua kichwa, wote waliolala chini hukauka kama mawe, hata kama uso umo ndani ya dimbwi. Akibweka, siku imekwisha.

Kuhusu nguo: madoadoa ya kijeshi hayana uchawi. Macho ya ayala hayaoni wekundu vizuri, lakini hayakosi kitu kinachotikisika. Zile suti za sufu kwenye picha, ambazo watu huziona ni mikogo ya kibwana, milki nyingi zilizifuma kwa rangi za milima yake tangu karne ya 19, na sufu hubaki na joto hata ikilowa. Mikogo imo pia, sikatai.

"Msimu wa kupandana dume huwa na wazimu, anapigwa kirahisi."

Kuanzia mwisho wa Septemba hadi Oktoba madume hunguruma mabondeni usiku na mchana, hupigana, na karibu huacha kula. Wamepungukiwa na hadhari, ni kweli. Waliowazunguka hawajapungukiwa: dume lenye majike 15 lina pua 15 na macho 30 ya kulilinda bure. Zaidi ya hapo, nyama ya dume aliyemaliza wiki tatu katika hali hiyo hunuka na amekonda, na mwenye kujali chungu chake angempiga mapema zaidi.

"Pembe zenye matawi mengi ni za mzee. Hesabu ncha upate umri."

Si hivyo. Pembe za ayala ni mfupa, hudondoka kila mwaka karibu Machi na Aprili, kisha huota upya zikiwa zimefunikwa ngozi laini yenye damu hadi mwisho wa kiangazi. Ukubwa hutegemea lishe, afya na ukoo. Dume lililo katika ubora wake laweza kuwa na ncha 12. Likizeeka, pembe hurudi nyuma na kuwa duni. Wapo madume wasioota pembe kabisa maisha yao yote, na bado hupata majike. Anayetaka umri hutazama meno.

Na pembe zilizodondoka hazipotei. Ayala huzitafuna, maana ardhi ya milima hiyo haina madini ya kutosha. Kwenye kisiwa cha Rum wameonekana wakila hata vifaranga vya ndege wa baharini wanaozaliana mashimoni mlimani, kwa ajili ya mifupa. Kwa hiyo lile la kwamba mnyama huyu ni mpole wa majani tu, nalo lina mashimo yake.

"Kuua mnyama pori ni kumaliza kizazi."

Hapa sisi wa Afrika Mashariki tunakuja na mzigo wetu, na mzigo huo una sababu. Tumeona pembe za ndovu zikikamatwa bandarini. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977. Tanzania inauruhusu katika vitalu vilivyotengwa, na kwa sheria yake wanyamapori ni mali ya umma. Kwetu neno uwindaji limelala kitanda kimoja na neno ujangili.

Uskoti tatizo limegeuka juu chini. Mbwa mwitu waliisha huko karne kadhaa zilizopita, na linksi (paka pori mkubwa) na dubu walitangulia. Aliyebaki wa kupunguza ayala ni njaa, baridi, magari na binadamu. Idadi ya ayala wa aina zote nchini humo inakadiriwa kufikia milioni moja, mara mbili ya mwaka 1990, ingawa zaidi ya 100,000 huuawa kila mwaka. Hula miche ya misonobari kabla haijafika kiunoni. Unapata mlima wenye miti mizee tu, babu bila wajukuu, na hatimaye mlima mtupu.

Kwamba si lazima iwe hivyo, imeonekana. Milki ya Creag Meagaidh ilinunuliwa na shirika la serikali la hifadhi mwaka 1985, ayala wakapunguzwa kwa nguvu, na miti ikarudi yenyewe. Glen Feshie, tangu miaka ya 2000, misonobari imechipua bondeni bila uzio. Haikuwa kazi ya amani. Milki zinazouza uwindaji wa madume huona kila ayala aliyepigwa kwa jirani ni mteja aliyepotea, kwa kuwa ayala hawajui mpaka wa mtu, na ugomvi huo haujaisha hadi leo. Mwaka 2023 serikali ya Uskoti iliondoa msimu wa kuwapumzisha madume, sasa wanapigwa mwaka mzima, na wanyatiaji wengi wa zamani hawakufurahi.

Upande wangu naujua: mlima wenye miche ni bora kuliko mlima wenye pembe. Lakini hesabu ina upande wa majike ambao wapenzi wa picha huukwepa. Kule Rum, wataalamu wamewafuatilia ayala mmoja mmoja kwa miongo mingi. Uwindaji uliposimamishwa sehemu ya kaskazini ya kisiwa mwaka 1972, majike yaliongezeka na madume yakapungua, kwa sababu msongamano huwaumiza zaidi ndama dume. Anayetaka madume mazuri, basi, aende akapunguze majike Januari, kwenye theluji, bila wapiga picha. Na jike mara nyingi ana ndama. Mwindaji mwadilifu hamwachi yatima afe njaa. Huwapiga wote wawili. Hakuna namna ya kulisema hilo likapendeza.

"Ni mchezo wa matajiri."

Mizizi yake ni hiyo. Malkia Victoria na mumewe walipoinunua milki ya Balmoral mwaka 1852, kila mwenye fedha Uingereza alitaka mlima wake, kwenye nchi ambayo wakulima wengi walikuwa wameshafukuzwa kupisha kondoo. Dume lenye pembe nzuri bado ni ghali. Lakini sehemu kubwa ya ayala hupigwa na waajiriwa na wakandarasi wa misitu ya serikali, watu wa mshahara wenye gari lenye matope, na siku ya kuwinda jike ni nafuu mno kuliko ya dume.

Wengine huenda mbali upande wa pili: wakisikia kwamba sheria ya 2003 inamruhusu kila mtu kutembea karibu popote Uskoti, na kwamba ayala aliye hai hana mwenyewe, hujumlisha. Wasijumlishe. Haki ya kutembea haina bunduki ndani yake. Haki ya kuwinda ni ya mwenye ardhi, na silaha inataka cheti cha polisi.

"Hatari ni dume mwenye pembe."

Hatari ni kupe. Hubeba ugonjwa wa Lyme, na mtu aliyelala tumboni kwenye majani siku nzima ni daraja lao. Jioni vua nguo zote, jikague hadi nyuma ya magoti na kinenani, kisha uoge.

"Risasi ikilia, kilichobaki ni picha."

Kilichobaki ni kazi. Hapo hapo alipoanguka hupasuliwa na kutolewa matumbo, na mnyatiaji hukagua ini, mapafu na tezi kuona kama kuna ugonjwa, maana nyama hiyo itauzwa. Dume la milimani bila matumbo hubaki na kilo 70 hadi 90 hivi. Huvutwa kwa kamba, kichwa kikiwa mbele ili manyoya yalale, juu ya mawe, ndani ya vijito, hadi mahali ambapo gari dogo la magurudumu manane linafika. Milki chache bado hutumia farasi wafupi wenye nguvu wa Nyanda za Juu. Ndiyo maana mnyatiaji mwenye akili, kabla ya kumkabidhi mgeni bunduki, hutazama kwanza nyuma ya mnyama: ataangukia wapi, na tutamtoaje? Dume zuri lililo chini ya shimo refu huachwa liende zake. Wageni hununa.

"Nyama yake ngumu, ina shombo."

Ikipikwa kama ng'ombe, ndiyo. Haina mafuta karibu kabisa, kwa hiyo mnofu wa mgongoni ukizidisha dakika unakuwa soli ya kiatu. Uguse kikaango chenye moto mkali kisha uuache upumzike. Mguu na bega ni habari nyingine. Mimi bega la jike lililoning'inizwa kwenye ubaridi wiki moja nalikata vipande, tangawizi, kitunguu saumu, bizari, tui jepesi kwanza, moto mdogo saa tatu, tui zito mwishoni. Na wali.