Uislamu wa Indonesia haukuletwa na jeshi la Waarabu

Wengi hudhani Indonesia, yenye Waislamu zaidi ya milioni 200, ilisilimishwa kwa upanga kutoka Arabuni. Si kweli hata kidogo. Dini ilifika na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, wakiwemo wa Gujarat, India, waliooa na kulowea bandarini. Kaburi la Sultani Malik al-Salih, mtawala Mwislamu wa ufalme wa Pasai katika kisiwa cha Sumatra, lina tarehe ya 1297. Vita vilikuja baadaye, baina ya falme za wenyeji wenyewe.

Wala ya kale hayakufutwa. Kule mjini Kudus, kisiwa cha Java, mnara wa msikiti ni wa matofali mekundu, umbo lake kama hekalu la Kihindu. Na Idi ya kuchinja, wengi mjini humo huchinja nyati wa kufugwa, si ng'ombe: desturi iliyoanza kwa kuwastahi Wahindu.